Karatasi ya Talaka na Mwenye Kalamu

Mwaka 1984 mahakama moja ya Florida, Marekani, iliamuru mwanamke aitwaye Rosemary Furman afungwe siku 30. Mama huyu hakuiba wala hakughushi. Zamani alikuwa mwandishi wa hati mkato mahakamani, na baadaye akafungua ofisi ndogo ya uchapaji mjini Jacksonville. Walipomjia watu wasio na fedha za wakili, wengine hata kusoma hawajui sawasawa, aliwajazia fomu za talaka kwa dola 50. Chama cha mawakili cha jimbo kikasema huo ni uwakili bila leseni. Tangu mwaka 1979 mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imemwekea mpaka: auze fomu tupu, apige chapa yale tu ambayo mteja ameyaandika kwa mkono wake, asimuulize jambo wala asimweleze lipi liandikwe wapi. Furman akaendelea kuuliza na kueleza. Gavana Bob Graham na baraza lake ndio waliomwondolea kifungo kabla hajakitumikia.

Katika mzozo huo wote hakuna aliyebishana kama wateja wa Furman walistahili kuachana. Ugomvi ulikuwa juu ya kalamu. Nami naona huko ndiko kwa kuanzia mtu anapotaka kulinganisha namna mila mbalimbali zinavyomruhusu mtu kuvunja ndoa yake bila wakili. Kila mila ina karatasi yake ya talaka, na karatasi hizo zinaweza kusomwa kama tunavyosoma barua au utenzi: nani anasema, anasema na nani, na nani kanyamazishwa. Nitazisoma za Japani, za pwani yetu, za Marekani na Uingereza, kisha za mahakama ya mwanzo ya Tanzania, ambayo nadhani tumeizoea mno hata hatuoni ilivyo ya ajabu.

Tuanze na ile fupi kuliko zote. Katika Japani ya enzi za Edo, mume alimwacha mkewe kwa barua iliyoitwa mikudarihan, yaani ya mistari mitatu na nusu. Mstari wa sababu mara nyingi haukuwa na sababu. Mume aliandika tu kwamba ni kwa hiari yake, au kwamba mambo hayakwenda, kisha akaongeza sentensi iliyo moyo wa barua: kuanzia sasa mwanamke huyu aweza kuolewa na yeyote, nami sina neno. Inasimuliwa kwamba asiyejua kuandika alichora mistari mitatu na nusu, ikatosha. Ukiisoma haraka unaona dharau: ndoa nzima imezikwa katika mistari isiyojaa kiganja. Lakini ukumbuke kwamba mwanamke aliyeolewa tena bila barua hii aliadhibiwa, na mume aliyeoa mwingine bila kuitoa naye aliadhibiwa. Kwa mwanamke barua ilikuwa cheti cha uhuru. Hata kutotaja sababu wapo wanahistoria wanaokuona kuwa ni heshima, kwa kuwa aibu za chumbani hazikuingia katika maandishi ambayo mume mpya angeyasoma.

Na mke aliyeshindwa kuvumilia, mume naye hataki kuandika? Mjini Kamakura lilikuwepo hekalu la Tokeiji, lililoanzishwa mwaka 1285 na mtawa wa kike, Kakusan. Mwanamke aliyefanikiwa kuvuka lango lake alikuwa amefika penye hifadhi. Watawa walimwita mume, wakasuluhisha, wakamshawishi aandike mistari yake mitatu na nusu. Akikaidi, mwanamke alikaa hekaluni miaka kadhaa, kisha ndoa ikahesabiwa imekwisha. Wakili hakuwepo, lakini walikuwepo watawa waliojua taratibu, wenye ukuta na wenye muda. Mwaka 1873 serikali mpya ya Meiji iliwaruhusu wake kufungua shauri la talaka, mradi wafuatane na baba, ndugu wa kiume au jamaa mwingine.

Leo Japani ndiyo nchi ambako talaka bila wakili ni jambo la kawaida kabisa. Takriban talaka tisa katika kila kumi ni za makubaliano: mume na mke wanajaza fomu moja, wanatia sahihi, wanatafuta mashahidi wawili watu wazima, wanaipeleka ofisi ya manispaa. Hakuna hakimu wala ada ya mahakama, na hakuna swali. Karani anatazama kama nafasi zimejazwa, basi. Wapo wanaoiona nchi hiyo kuwa imefika mwisho wa ustaarabu kwa jambo hili, nami nilikuwa tayari kuwaunga mkono mpaka nilipoisoma fomu yenyewe kwa makini. Tangu mwaka 2012 ina kisanduku kinachouliza kama wazazi wamekubaliana juu ya matunzo ya mtoto na namna ya kuonana naye. Kisanduku hicho ukikiacha kitupu, fomu inapokelewa vilevile. Kwa miaka mingi sheria ilidai mzazi mmoja tu aandikwe kuwa mlezi. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2024 ndiyo yaliyofungua njia ya ulezi wa pamoja. Tena kwa kuwa hakuna anayeuliza, mmoja aweza kughushi sahihi ya mwenzake na kuipeleka fomu peke yake. Dawa ya Kijapani ni fomu nyingine: anayeogopa hila hiyo huwahi manispaa na kuandikisha ombi kwamba talaka yake isipokelewe. Karatasi inapigana na karatasi, na ofisi imenyamaza katikati.

Hapo ndipo ninapoiacha Japani. Ukimya ule uliokuwa stara katika barua ya Edo umegeuka kuwa uzembe katika fomu ya leo. Mke aliyezoea kunyenyekea anaweza kutia sahihi yake bila kudai hata senti, na dai la kugawana mali lilikuwa na kikomo cha miaka miwili tu baada ya talaka, kabla ya marekebisho ya 2024 kukifanya mitano.

Pwani yetu nayo ina barua fupi ya mume. Talaka ya Kiislamu yatamkwa, lakini Zanzibar, Mombasa, Lamu na Tanga watu wamezoea kuidai kwa maandishi, kwa sababu zilezile za Edo: bila andiko, mwanamke atahesabuje eda, na nani atathubutu kumposa? Kufikia hapo mila mbili zisizojuana zinafanana kama mapacha. Zinapoachana ni pale mwanamke anapofungua kinywa.

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari, mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume mwenyewe. Hakutanguliza baba, hakutuma mshenga. Alieleza kwamba hamlaumu mumewe kwa dini wala kwa tabia, ila anaogopa kukosa shukrani akiendelea kuishi naye. Akaulizwa kama yuko tayari kurudisha shamba alilopewa kuwa mahari. Akakubali, na Thabit akaambiwa alipokee na amwache. Shauri zima limeisha kwa dai moja, swali moja na jibu moja, na mdai ndiye aliyesema. Kuna pia Sura ya 58 ya Qur'ani, inayoanza kwa mwanamke aliyekuwa akijadiliana na Mtume juu ya mumewe, na jina la sura lenyewe limetokana na jadala hiyo. Sijui maandiko mengi ya ndoa yanayomweka mlalamikaji wa kike mbele kiasi hicho. Sauti ya mwanamke wa Tokeiji haikuingia katika mistari mitatu na nusu. Huyu wa Madina malalamiko yake yanasomwa misikitini mpaka leo.

Tusijipongeze haraka lakini. Kati ya Madina na benchi la mahakama ya kadhi kuna karne nyingi za desturi, na desturi ya pwani humtaka mke avumilie na asitiri. Susan Hirsch, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, alionyesha katika kitabu chake cha 1998 jinsi kitendo cha kusimulia ugomvi wa ndoa mahakamani kilivyokuwa kinyume na yale yanayotarajiwa kwa mke mwema; hata hivyo wake ndio waliofungua mashauri mengi, na wengi walishinda. Mume hakuwa na haja ya mahakama kwa kuwa talaka iko ulimini mwake. Mke ndiye aliyehitaji masikio ya kadhi, aombe matunzo, aombe ndoa ivunjwe kwa madhara, au ajikomboe kwa khului, yaani kuinunua talaka yake kwa kurudisha mahari. Kule Zanzibar wapo waume wanaoifanya khului kuwa biashara: mume ndiye amechoka, lakini hatamki neno, anasubiri mke achoke zaidi ainunue talaka. Mafunzo ya shamba la Thabit hayakukusudia hilo, na kadhi mwenye macho hulitambua.

Erin Stiles, aliyekaa na mahakama ya kadhi ya Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, aliandika mwaka 2009 kitabu kinachomgusa moja kwa moja mtu asiye na wakili. Mwanamke anatoka kwa sheha na barua yake, anafika mahakamani, anaketi mbele ya karani. Anasimulia: mume amehama tangu msimu wa karafuu, mama mkwe ana maneno, mtoto aliugua, bati limevuja. Karani anamsikiliza, anamuuliza, kisha anaandika hati ya madai. Katika hati hiyo mama mkwe na bati havimo. Kumebaki matunzo na kutelekezwa, kwa sababu hayo ndiyo kadhi awezayo kuyatolea hukumu. Mlolongo wa mambo katika mfano huu nimeuunda mwenyewe, lakini kazi ya karani ndiyo hiyo. Huyu karani ni Rosemary Furman, isipokuwa anapokea mshahara wa serikali na hakuna anayetaka kumfunga. Kazi ambayo Florida iliiita kosa, Mkokotoni inaitwa ofisi.

Karani mwema ni mfasiri. Karani mvivu, au aliyekwisha kuzungumza na upande wa pili, ni maafa, maana mdai asiyesoma hatajua kilichoachwa. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema pwani hatuhitaji wanasheria kwa sababu tuna makadhi. Tunahitaji walau mtu wa kutusomea kwa sauti kilichoandikwa kwa jina letu.

Wamarekani walifika kwenye kujitetea wenyewe kwa njia nyingine kabisa, njia ya duka la vitabu. California ilipitisha mwaka 1969 sheria iliyoondoa haja ya kuthibitisha kosa la mwenzi, ikaanza kutumika Januari 1970. Ikiwa hakuna kosa la kuthibitisha, wakili wa nini? Mwaka uliofuata, 1971, mwanasheria Ed Sherman alichapisha mwongozo wa kufanya talaka mwenyewe katika jimbo hilo, na yeye na mwenzake Ralph Warner wakaanzisha kampuni ya uchapishaji ya Nolo pale Berkeley. Mawakili waliushutumu mwongozo hadharani, jambo ambalo, kama kawaida ya vitabu vinavyoshutumiwa, liliuongezea wanunuzi. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Boddie dhidi ya Connecticut, la kina mama waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali na wasioweza kulipa wastani wa dola 60 za kufungulia na kufikishia madai. Mahakama ikasema serikali iliyojipa peke yake mamlaka ya kuvunja ndoa haiwezi kumfungia mlango asiye na ada.

Matunda yake ni fomu ya California ya leo, ambapo ndoa ya miaka yote hiyo inajibiwa kwa alama katika kisanduku cha tofauti zisizopatanishika. Baada ya hapo ni kusubiri miezi sita. Uingereza ilichelewa zaidi. Mpaka 2018 Mahakama ya Juu yake ilimwambia mke mmoja, katika shauri la Owens, kwamba hana sababu za kutosha na abaki mke. Sheria mpya ilianza tarehe 6 Aprili 2022: tamko moja kwamba ndoa imevunjika linatosha, laweza kutolewa na wote wawili pamoja, kwa intaneti, na kati ya maombi na amri ya kwanza ni wiki 20. Mume aliyejiwakilisha mwenyewe katika talaka ndiye pia aliyewapa Waingereza mfano wa mtu wa pembeni: mwaka 1970, katika shauri la McKenzie, mahakama ya rufaa iliamua kwamba asiye na wakili ana haki ya kukaa na mwenzake wa kumnong'oneza na kumwandikia. Hao hadi leo wanaitwa marafiki wa McKenzie, na walizidi kuhitajika baada ya Aprili 2013, serikali ilipoondoa msaada wa kisheria katika mashauri mengi ya kifamilia.

Fomu ya Kiingereza ni safi, fupi na ya kiungwana. Nayo ina shimo. Amri ya talaka haimalizi mambo ya fedha. Kwa hayo inatakiwa amri nyingine, na wengi wanaojifanyia wenyewe hawaiombi. Walioachana mwaka 1992 wakiwa hawana kitu, Kathleen Wyatt na Dale Vince, walijikuta mahakamani miongo miwili baadaye, mume akiwa amekuwa tajiri wa umeme wa upepo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema dai la mke lisikilizwe, kwa kuwa lango hilo halikuwahi kufungwa. Mtu anaweza kuwa na cheti cha talaka kabatini na bado hajaachana na madeni ya ndoa.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania Bara ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na iliziweka ndoa zote, za kanisani, msikitini, kimila na bomani, chini ya utaratibu mmoja wa kuvunjwa na mahakama. Mahakama ya mwanzo ni mojawapo ya zenye mamlaka hayo. Lugha yake ni Kiswahili, madai yaweza kusimuliwa kwa mdomo yakaandikwa, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Ni marekebisho ya 2021 yaliyowafungulia pale panapoketi hakimu mkazi. Angalia jambo hili lilivyo. Wakati Berkeley wanauza kitabu cha kumtoa wakili mlangoni, Kariakoo, Mbeya na Kondoa wakili alikuwa hajaruhusiwa kuingia. Kwa mwanakijiji wa Tanzania talaka bila wakili ndiyo ilikuwa kanuni, na hakuna aliyeiita mapinduzi.

Kilichowekwa mahali pa wakili ni baraza. Kifungu cha 101 kinasema hakuna maombi ya talaka mpaka mgogoro uwe umepelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likatoa hati kwamba limeshindwa kupatanisha. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kwanza. Hata talaka ya Kiislamu haipiti kando: kifungu cha 107(3) kinataka hati ya baraza itangulie ndipo talaka iliyotamkwa baada yake iwe uthibitisho kwamba ndoa imevunjika. Mahakama ya Rufani ilishafuta mwenendo mzima wa shauri la ndoa ya Kiislamu kwa kasoro katika hatua hii. Wenzi walipoteza miaka, wakarudishwa mwanzo, kwa karatasi moja. Wengi wanaojiendea wenyewe wanaanguka hapohapo: wameshika barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya ofisi nyingine yenye muhuri mzuri, wakidhani muhuri ni muhuri.

Wazo la baraza si geni. Qur'ani, katika aya ya 35 ya Sura ya Nne, inaagiza mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Watawa wa Tokeiji walisuluhisha kabla ya kuachanisha. Ninalipenda swali la baraza, kwa sababu ni swali, na kwenye fomu ya Japani hakuna mtu anayeuliza. Lakini kumlazimisha mke aliyepigwa akakae meza moja na mpigaji ili apate hati ni ukatili wenye muhuri. Sheria ililiona hilo. Kifungu kilekile cha 101 kinaruhusu kulikwepa baraza pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Aliye na wakili huambiwa habari hiyo siku ya kwanza. Asiye naye haambiwi na mtu, na hapo ndipo umaskini unapopiga, kuliko kwenye ada.

Jambo la pili ni mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo hutajwa kila mahali. Inayotajwa kwa nadra ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwani ilionekana fedha alizokwisha kupewa na mumewe na kuzitumia vibaya zilifikia fungu lake. Alishinda kanuni, akakosa nyumba. Na tangu hapo mahakama zimekuwa zikidai ushahidi wa mchango, wakati mdai asiye na wakili husimama na kusema tu kwamba walichuma wote, akidhani ukweli hauhitaji risiti.

Nikiulizwa karatasi ipi ni bora, nitachagua hati ya madai iliyoandikwa na karani anayesikiliza, iwe Mkokotoni au Mbagala, kuliko fomu ya Tokyo au London. Najua ni ya polepole, na najua inategemea moyo wa mtu mmoja mwenye kalamu. Ila ndiyo pekee kati ya hizi inayoanza kwa mwanadamu kumuuliza mwenzake, hebu nieleze. Florida ilikaribia kumfunga mtu kwa swali hilo.

Basi wewe unayekusudia kwenda peke yako, usianzie mahakamani, anzia barazani, na usiondoke bila hati inayosema waziwazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Kama kurudi mbele ya mwenzako ni hatari, liseme hilo kwa hakimu kwa maneno hayohayo na umwombe akusikilize bila baraza. Orodhesha mali na namna ulivyochangia kila moja, jikoni, shambani au benki. Tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi hao, na huduma yao ni bure. Na karani akimaliza kuandika, mwombe akusomee yote kabla hujatia sahihi.